Buzwagi na Maamuzi Yanayotangulia Shimo

Miongoni mwa migodi mikubwa iliyofunguliwa Tanzania baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998, mgodi wa wazi wa Buzwagi, uliochimbwa kilomita chache nje ya mji wa Kahama mkoani Shinyanga, una historia ya pekee: jina lake lilizua mtafaruku bungeni mwaka 2007, kabla haujatoa hata wakia moja ya dhahabu, na likarudi midomoni mwa watu mwaka 2017, makontena ya makinikia yake yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam. Mara zote mbili mjadala wa umma ulijikita katika uadilifu wa watu, yaani nani alitia saini wapi na nani alificha nini, na wananchi walikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Hata hivyo, mgodi wenyewe ukichunguzwa kama kazi ya kihandisi na ya kifedha, inabainika kwamba mbegu za ugomvi wote wawili zilipandwa katika kipindi ambacho wanasiasa na waandishi wa habari hawakitazami sana, nacho ni miaka iliyopo kati ya kugunduliwa kwa mbale na kutoka kwa mkuo wa kwanza wa dhahabu. Mbale ni mwamba wenye madini ya kutosha kulipia gharama za kuuchimba na kuuchenjua, na maana hiyo inaonyesha kwamba hata suala la kipi ni mbale na kipi ni kifusi huamuliwa na hesabu kabla ya kuamuliwa na baruti.

Buzwagi ulikuwa mgodi wa dhahabu na shaba kwa pamoja, na mchanganyiko huo ndio unaoufanya ufae kuchambuliwa. Dhahabu, fedha na platinamu huhesabiwa kuwa madini ya thamani na huuzwa kwa wakia. Shaba, zinki, risasi na nikeli ni metali za viwandani ambazo bei yake hutajwa kwa tani. Makundi haya mawili hukutana mara nyingi ndani ya mwamba mmoja kwa sababu maji ya moto yaliyopanda kutoka chini ya ardhi zama za kale yaliacha dhahabu na shaba katika nyufa zilezile, shaba ikiwa imeungana na salfa. Juu ya mwamba wa aina hiyo kwa kawaida kuna tabaka lililoliwa na hewa na maji ya mvua kwa muda mrefu, ambamo salfa imekwisha kuondoka na dhahabu imebaki ikiwa rahisi kutolewa, na kadiri shimo linavyozama ndivyo mwamba unavyobadilika tabia. Mgodi wa Bisha nchini Eritrea unaonyesha jambo hili kwa uwazi usio wa kawaida: ulianza mwaka 2011 kwa kutoa dhahabu kutoka tabaka la juu, ukahamia shaba mwaka 2013 na kuanza zinki mwaka 2016, huku fedha za dhahabu zikisaidia kugharimia mitambo iliyohitajika kwa metali zilizofuata. Mpangilio huo ulikuwa umeandikwa katika mpango wa mgodi tangu mwanzo, na mwekezaji aliyeingia Bisha alijua kwamba angejenga mitambo kwa awamu.

Ili mpango wa namna hiyo uandikwe, sharti mwamba ujulikane, na njia ya kuujua ni uchorongaji, yaani utoboaji wa ardhi kwa mashine inayotoa vipande virefu vya mwamba vyenye umbo la bomba. Vipande hivyo hupangwa katika masanduku kwa mfuatano wa kina, hupasuliwa katikati kwa msumeno wenye meno ya almasi, kisha nusu moja hupelekwa maabara na nusu nyingine hubaki ghalani ili mtu yeyote mwenye shaka aweze kuirudia. Matokeo ya maelfu ya vipimo huunganishwa katika kielelezo cha kompyuta, na hapo hutofautishwa mambo mawili ambayo vyombo vya habari huyachanganya mara kwa mara: rasilimali, ambayo ni madini yanayokadiriwa kuwamo ardhini, na akiba, ambayo ni sehemu ya rasilimali hiyo iliyothibitika kwamba inaweza kuchimbwa kwa faida baada ya kuhesabu gharama, kodi, upotevu na bei. Nchi inayopiga hesabu ya utajiri wake kwa rasilimali badala ya akiba hujiandalia masikitiko, na kampuni inayouza hisa zake kwa namna hiyo huwaandalia masikitiko hayo wanahisa wake.

Kupima wingi wa dhahabu peke yake hakutoshi, kwa kuwa mbale mbili zenye gramu sawa zinaweza kutoa faida zisizokaribiana. Njia ya kawaida ya kutoa dhahabu ni kuusaga mwamba hadi uwe unga, kuuchanganya na maji yenye sianidi inayoyeyusha dhahabu, kisha kuinasa dhahabu hiyo kwa punje za kaboni. Shaba huvuruga mpango huo, kwa sababu aina kadhaa za madini yake huyeyuka katika sianidi kwa urahisi, huitumia sianidi iliyonunuliwa kwa ajili ya dhahabu, na hushindana na dhahabu kupata nafasi kwenye kaboni. Maabara hulipima jambo hili kwa jaribio lisilo na mbwembwe: unga wa mbale, maji na sianidi hutiwa katika chupa inayoviringishwa kwa saa 24 au 48, na kila baada ya saa kadhaa hupimwa dhahabu kiasi gani imeyeyuka na sianidi kiasi gani imeliwa. Takwimu zinazotoka katika chupa kama hizo, zikichukuliwa kutoka kila sehemu na kila kina cha mwamba, ndizo zinazoamua mtambo utakuwaje, na mtambo ndio unaoamua bidhaa gani itavuka mpaka.

Kwa mbale ya Buzwagi mfumo uliojengwa ulikuwa wa hatua tatu. Dhahabu nzito iliyokwisha kuachana na mwamba ilitengwa kwanza kwa uzito wake. Kisha unga uliingizwa katika matangi yanayopulizwa hewa, ambamo kemikali maalumu huzifanya chembe za shaba na salfa zishikamane na mapovu na kuelea, zikibeba na sehemu ya dhahabu. Na masalia yakapelekwa kwenye sianidi ili dhahabu iliyobaki isipotee. Hatua ya kwanza na ya tatu huishia kwenye mikuo ya dhahabu ghafi inayoweza kubebwa kwa ndege ndogo. Hatua ya pili hutoa makinikia, unga wa kijivu wenye shaba, salfa, dhahabu na fedha, ambao hauwezi kutenganishwa bila kuyeyushwa katika tanuri kubwa lenye uwezo wa kudhibiti moshi wa salfa. Tanuri la aina hiyo hujengwa kwa kutegemea mamia ya maelfu ya tani za makinikia kila mwaka, kiwango ambacho Buzwagi na jirani yake Bulyanhulu kwa pamoja haikukikaribia, na hivyo kusafirisha nje kulionekana katika hesabu za mwekezaji kuwa njia pekee. Siku mchoro wa mtambo ulipokubaliwa, usafirishaji wa makinikia nao ulikuwa umekubaliwa, awe aliyeuidhinisha alilitambua hilo au hakulitambua.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi Machi 2017 serikali ya Rais John Magufuli ilipiga marufuku usafirishaji wa makinikia. Makontena 277 yakazuiwa. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikaripoti mwezi Mei kwamba dhahabu iliyomo ilikuwa wastani wa gramu 1,400 kwa tani, ilhali taarifa za kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikiendesha mgodi, zilikuwa takriban gramu 200. Kampuni ilikanusha, kamati ya pili chini ya Profesa Nehemiah Osoro ikageukia uchumi na sheria, na mamlaka ya kodi ikatoa madai ya dola bilioni 190 za Marekani. Mgogoro ulikwisha kwa makubaliano na Barrick, kampuni mama ya Acacia, yaliyotiwa saini Januari 2020, ambayo yaliunda kampuni ya Twiga, yakaipa serikali asilimia 16 ya hisa na mgawanyo wa nusu kwa nusu wa manufaa ya kiuchumi, pamoja na malipo ya dola milioni 300. Kati ya bilioni 190 na milioni 300 kuna pengo ambalo siasa inaweza kulieleza ipendavyo, lakini kwa mchambuzi swali la msingi ni jepesi zaidi: kwa nini nchi ililazimika kulipima kontena bandarini ili ijue kilichomo? Mtambo wa kuchenjua huendeshwa kwa mizania ya metali, maana yake dhahabu inayoingia kwenye kinu sharti ilingane na jumla ya iliyomo katika mikuo, makinikia na masalia. Chombo cha serikali chenye sampuli zake chenyewe za mbale, tangu siku ya kwanza ya uzalishaji, kingeweza kuikataa takwimu yoyote isiyolingana, iwe ya kampuni au ya kamati. Wakala wa kukagua uzalishaji wa madini uliundwa mwaka 2009, mwaka uleule Buzwagi ulipoanza kazi, kwa hiyo haukuwapo mtambo ulipokuwa ukisanifiwa, na mwaka 2017 ukavunjwa.

Mkataba nao ulikuwa na historia yake. Mwezi Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alitia saini mkataba wa uendelezaji wa Buzwagi jijini London, wakati serikali ilikuwa imetangaza kwamba mikataba ya madini ingepitiwa upya. Mwezi Agosti mbunge Zitto Kabwe alilipeleka suala hilo bungeni na akasimamishwa. Kutokana na kelele hizo iliundwa kamati ya Jaji Mark Bomani, na mapendekezo yake yakachangia kuzaliwa kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, mrabaha ukiwa ni malipo kwa mwenye ardhi, yaani taifa, yanayokatwa kwenye thamani ya madini bila kujali faida. Mageuzi ya 2017 yaliufikisha mrabaha huo asilimia 6, na kuongeza ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kinachosahaulika ni kwamba mrabaha hubadilisha mgodi kimwili: kila asilimia inayoongezwa huifanya mbale hafifu ya pembezoni mwa shimo isilipe tena, ikahesabiwa kuwa kifusi na kutupwa. Hiyo si hoja ya kupinga mrabaha. Ni hoja ya kuupanga kabla umbo la shimo halijachorwa, kwa kuwa mwekezaji anayejua kiwango mapema huchora shimo linalolingana nacho, na anayeshtukizwa hupunguza shimo, ajira na muda.

Umbo la shimo ndilo kiini cha gharama. Ichukuliwe mbale yenye gramu 1.5 za dhahabu kwa tani, kiwango cha kawaida kwa migodi ya wazi. Wakia moja ni gramu 31.1, na ikiwa mtambo unakamata asilimia 90 ya dhahabu, zitahitajika takriban tani 23 za mbale kupata wakia moja. Ikiwa kila tani ya mbale inadai tani nne za kifusi ziondolewe ili ifikiwe, basi wakia hiyo imehamisha tani 115 za mwamba, zote zikichorongwa, kulipuliwa, kupakiwa na kubebwa kwa magari. Kuta za shimo zikisimamishwa wima zaidi kidogo, kifusi hupungua kwa mamilioni ya tani; zikisimamishwa wima kupita uwezo wa mwamba, huporomoka. Kwa upande wa fedha, mwekezaji anayedai faida ya asilimia 10 kwa mwaka huihesabu dola atakayoipata baada ya miaka mitano kuwa na thamani ya senti 62 tu leo, na ndiyo maana mipango mingi huanza na mbale nono iliyo karibu na uso wa ardhi, mbale hafifu ikirundikwa pembeni kwa matumizi ya baadaye. Buzwagi ulifanya hivyo hasa: uchimbaji shimoni ulikoma kwanza na kinu kikaendelea kulishwa marundo hayo hadi 2021. Kwa halmashauri inayotegemea ushuru wa huduma, mfumo huo una maana kwamba miaka ya neema huja mwanzoni, kabla viongozi hawajazoea kuipangia matumizi.

Masalia ya mchenjuo hayapungui kwa sababu dhahabu imetoka, kwa kuwa katika kila tani iliyosagwa karibu tani nzima huishia katika bwawa la topesumu, yaani hifadhi ya tope lenye mabaki ya kemikali na madini. Mwamba wenye salfa, ukikutana na hewa na maji, hutengeneza asidi inayoyeyusha metali nyingine na kuzipeleka mitoni, hatari ambayo ni kubwa zaidi katika migodi yenye shaba kuliko katika ile ya dhahabu pekee. Kanda ya Ziwa ina kumbukumbu yake: mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kuelekea Mto Tigithe, na kampuni ikaeleza kwamba plastiki ya kuzuia uvujaji ilikuwa imeibwa. Mfano unaofundisha zaidi kuhusu usanifu unatoka Mount Polley nchini Kanada, mgodi wa wazi wa shaba na dhahabu ambao bwawa lake lilipasuka Agosti 2014 na kumwaga takriban mita za ujazo milioni 25 za maji na tope. Jopo la wataalamu lilibaini kwamba chini ya ukuta kulikuwa na tabaka dhaifu la udongo wa mfinyanzi ambalo uchunguzi wa awali haukulitambua ipasavyo. Kampuni za madini hutumia mamilioni kuchoronga mahali palipo na dhahabu na hubana matumizi zinapochoronga mahali pa kuweka uchafu, kasoro ambayo imezigharimu jamii nyingi. Baada ya maafa ya Brumadinho, Brazili, yaliyoua watu 270 Januari 2019, viwango vipya vya kimataifa vya mabwawa hayo vilitolewa mwaka 2020.

Ardhi ya kuwekea vyote hivyo, shimo, marundo ya kifusi, bwawa na mtambo, huwa na wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila na kudai fidia kamili, ya haki na ya haraka, na kati ya sifa hizo tatu ni ya mwisho inayovunjwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu uthamini hufanywa wakati wa upembuzi yakinifu ilhali fedha za ujenzi hutafutwa baada yake. Kaya ikishathaminiwa huambiwa isipande miembe mipya wala isiongeze chumba. Mradi ukichelewa miaka miwili, kaya hiyo imepoteza miaka miwili ya maisha bila kulipwa. Wachimbaji wadogo, ambao mara nyingi ndio waliotangulia kuigundua dhahabu, huondoka na kidogo zaidi, kwa kuwa wengi hawana hati ya kuthaminiwa. Bisha umeacha onyo la aina nyingine: Waeritrea waliodai kwamba walilazimishwa kuujenga kupitia utumishi wa kitaifa waliishtaki nchini Kanada kampuni ya Nevsun, mmiliki mkuu wa mgodi huo wakati huo, na Februari 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliruhusu kesi iendelee, kabla pande mbili hazijamalizana nje ya mahakama. Kilichobishaniwa kilikuwa namna ya kuajiri wakati wa ujenzi, si wakati wa uzalishaji.

Maji yanaweza kuua mradi mzima. Pascua-Lama, katika mpaka wa Chile na Argentina, ulikusudiwa kuwa mgodi wa wazi wa dhahabu, fedha na shaba, na Barrick iliyojenga Buzwagi ndiyo iliyouanzisha mwaka 2009 kwa makadirio ya takriban dola bilioni 3. Wakulima wa bonde lililo chini yake walilalamikia barafu na mito, mahakama ikasimamisha ujenzi upande wa Chile mwaka 2013, gharama zikavuka makadirio mara mbili na zaidi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru upande huo ufungwe moja kwa moja bila wakia hata moja kutoka. Kahama ni nchi kame isiyo na barafu ya kugombania, na mgodi uliweka uwanja mpana uliotandikwa plastiki kukusanyia mvua ili upunguze kutegemea vyanzo vya watu, uamuzi wa kihandisi unaostahili sifa nyingi kuliko ulizopata.

Kuwasha mgodi, hatimaye, ni kazi tofauti na kuujenga. Mitambo huzungushwa kwanza mitupu, kisha kwa maji, kisha kwa mbale hafifu ambayo hasara yake inavumilika, na mbale nono huletwa baada ya mabomba, pampu na vipimo kuthibitika. Mhandisi Mmarekani Terry McNulty, alipolinganisha mitambo ya kuchenjua ya nchi mbalimbali mwaka 1998, aliona kwamba ile iliyotumia teknolojia iliyozoeleka na majaribio ya kutosha ilifikia uwezo wake katika muda wa mwaka mmoja hivi, ilhali iliyoruka majaribio au kuielewa vibaya mbale yake ilibaki nyuma hata baada ya miaka mitatu. Mkopo wa benki hauujui uchelewaji huo. Riba hudaiwa kana kwamba mtambo umekamilika. Kwa nchi yenye mgodi, mwaka wa kwanza ndio wa kuangalia kama waendeshaji wa kinu, mafundi umeme na wapimaji wa maabara ni wazawa waliofunzwa wakati wa ujenzi au ni wageni walioletwa kwa sababu mafunzo yaliachwa yawe ya baadaye.

Eneo la Buzwagi limegeuzwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na mpango uliotangazwa wa kampuni ya Tembo Nickel, ambayo serikali ina hisa zake, ulikuwa kujenga hapo mtambo wa kusafishia nikeli, shaba na kobalti kutoka Kabanga wilayani Ngara. Kabanga utachimbwa chini ya ardhi, lakini kikemia suala ni lilelile: mbale ya salfa huelea, huwa makinikia, na makinikia husafishwa mahali palipo na mtambo. Ahadi ya kusafishia nchini ina uzito ikiwa imo katika upembuzi yakinifu, katika mkataba na katika ratiba ya mikopo, ikiwa na tarehe na fedha zake. Ikiwa imo katika hotuba peke yake, vinu vitakuwa vimeshaagizwa, na makontena yatakwenda bandarini kwa sababu hayatakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kamati ya Bunge inayohusika na madini ina mamlaka ya kuidai sura ya uchenjuaji ya kila upembuzi yakinifu kabla leseni haijatolewa, na inapaswa kuanza kuidai sasa.